Kwa Nini Kuku Huchakura Hata Akimwagiwa Mtama

Hapo kale, kabla watu hawajaanza kufagia nyua, kuku hakuwa wa mtu. Aliishi porini pamoja na dada yake kanga, na kila alichokula alikichakura mwenyewe ardhini.

Ukaja mwaka wa ukame. Jumbe Mwinyihija, mtawala wa mji, akatuma mpiga mbiu kutangaza kwamba kuku wote wahamie uani kwake, watamwagiwa mtama mkekani kila asubuhi. Sharti lilikuwa moja: marufuku kuchakura, kwa kuwa ua wa Jumbe ni wa heshima. Jogoo akapewa cheo cha Mwamshaji Mkuu, na haukupita muda akaamini kwamba jua linasubiri ruhusa yake. Ugonjwa huo hajapona hadi leo.

Bi Kishingo, mkewe, alihama kwa sababu ya njaa. Akala, akanenepa, akaangua vifaranga palepale uani.

Siku moja Jumbe akavuka mto kwenda kuoa, akasahau ufunguo wa ghala la mtama kiunoni mwake. Wasaidizi wake wakaitisha kikao kuhusu ule mlango, wakajadiliana sana, wakaafikiana kwamba umefungwa.

Vifaranga wakasimama kuuzunguka mkeka mtupu. Mvua ilikuwa imenyesha, kumbikumbi wakatambaa mpaka katikati ya vidole vyao.

"Mama, leo wanamwaga saa ngapi?" akauliza mmoja.

"Huyo mdudu mguuni pako humwoni?"

"Nimemwona. Kamwaga nani?"

Bi Kishingo akautazama mkeka. Maisha yake yote alikuwa akiwahofia mwewe na kicheche. Mkeka hakuwahi kuuhofia. Akawaonyesha namna ya kuchakura, lakini vijiguu vyao vilikuwa laini, wakachoka upesi na kurudi mkekani kungoja. Kabla Jumbe hajarudi, mdogo wao kabisa alilala kando ya mkeka na hakuamka tena.

Jumbe akarejea na bibi harusi, mtama ukamwagwa. Bi Kishingo akapanda mkekani, akauchakura kwa nguvu zote, punje zikaruka hadi kwenye viatu vya wazee wa baraza. Vifaranga ikawabidi wakimbie kuzisaka vumbini. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa, mpaka akaitwa barazani.

"Mke wangu, unaniharibia cheo," Jogoo akamnong'oneza. "Hayo tulikuwa tukiyafanya zamani, huko porini. Sasa tumeshazoea kula kistaarabu."

"Umezoea wewe. Mimi nilikuwa nikichakura, na bado nachakura."

Jumbe akakohoa. "Bi Kishingo, mtama huuoni?"

"Nauona, Jumbe, na ahsante sana. Ila siku utakapokwenda kuoa tena, wanangu wale mkeka?"

Bibi harusi akageuka kumtazama mumewe. Jumbe akaona heri shauri hilo waliendeleze wazee.

Wazee wakaamua atozwe faini, wakakuta hana kitu ila mayai, nayo walikuwa wakiyachukua siku zote. Wakaamua afungwe miguu, lakini hakuna aliyeweza kumkamata. Wakaamua afukuzwe, mpishi wa Jumbe akauliza asubuhi watu watakula nini. Mwishowe mpiga mbiu akatangaza kwa fahari kubwa kwamba, kwa hisani ya Jumbe, kuanzia siku ile kuku wameruhusiwa kuchakura. Bi Kishingo hakuinua hata kichwa kusikiliza. Alikuwa kazini, nyuma ya huyo mpiga mbiu, na vumbi lilikuwa likimwingia mtu wa watu kanzuni.

Na tangu siku hiyo, mwagieni kuku nafaka hata kwenye sakafu ya saruji isiyo na chembe ya mchanga, atarudisha mguu nyuma na kuitawanya. Watu humcheka, wakidhani haioni. Anaiona vizuri sana. Watazameni vifaranga walio nyuma yake, jinsi na wao wanavyorudisha vijiguu.