Nusu Iliyobaki kwenye Dumu

Ukimwaga ya kale, bakiza nusu yake. Ndivyo mlivyomsikia shangazi yenu akimwambia yule mke aliyeolewa juzi kwa Kaoneka, anayetaka kuhamisha meko ya mkwewe na vyungu vyote kwa siku moja. Mmeniuliza ni ya kale gani, na nani aliyeyamwaga. Methali nyingi hamtampata aliyezisema wa kwanza. Hii aliyeisema nilimjua, na gari lililoileta nimelipanda. Basi kaeni niwaeleze ilikotoka.

Wakati huo barabara ya kutoka Soni kuja huku kwetu ilikuwa bado ya udongo mwekundu, na magari yalikuwa machache hata tukayajua kwa sauti. Mtu akipalilia maharage bondeni, akisikia injini, husema bila kuinua kichwa: huyo ni Mzee Shekiondo anarudi.

Mzee Shekiondo alikuwa bwana miti wa serikali mpaka alipostaafu. Alinunua gari dogo la kijivu ambalo lilikwisha tembea sana mikononi mwa watu wengine. Lilikuwa la otomatiki, la kwanza hapa kijijini, na vijana walikuwa wakichungulia chini ya usukani na kuuliza pedali ya tatu imeanguka wapi. Kila siku ya gulio alishuka nalo hadi Soni, mkewe Bi Mwantumu kando yake, na matenga ya pea na matunda damu nyuma. Wakirudi, kwenye ule mpando wa mikaratusi, gari lilisita kidogo kabla ya kubadili gia, kama mtu anayekumbuka jambo, kisha likaendelea. Sisi tuliolizoea hatukushtuka. Ndani lilinukia pea zilizoiva na vikapu vilivyoloa, na hata leo nikikutana na harufu hiyo sokoni husimama kidogo.

Bi Mwantumu alifariki wakati wa mvua za vuli. Baada ya arobaini, mtoto wao Hozza, aliyekuwa karani huko Tanga, alichukua likizo akaja kukaa na baba yake.

Msimhukumu Hozza mapema. Alimpenda baba yake sana. Huko mjini alimwona jirani yake mmoja akikaa kutwa mbele ya kitanda cha marehemu mkewe mpaka naye akazikwa, na aliogopa mzee wake asifuate njia hiyo. Alikuwa na msemo wake: mwiba hutolewa wote. Kwa hiyo akautoa wote. Alipaka kuta chokaa nyeupe. Kitanda cha wazazi akakipeleka kwa wajomba zake Bumbuli. Vyombo, mikeka, kigoda cha jikoni na birika lisilo na kifuniko vikaenda kwa shangazi yake, Bi Mwanjaa. Alileta vikombe vipya vya maua na viti vya plastiki. Nyumba ikang'aa kama zahanati siku ya kuzinduliwa.

Mzee hakumpinga. Alihamia nje tu. Alikaa barazani asubuhi hadi giza, na chakula kilirudi jikoni kama kilivyotoka. Akipewa chai katika kikombe cha maua alikiangalia, akakiweka chini. Majirani walianza kunong'ona kwamba mzee naye anafungasha. Likizo ya Hozza ilikuwa inakwisha, na alijua kwamba akiondoka na kumwacha baba yake katika hali ile, barua itakayomfuata Tanga itakuwa ya msiba.

Akafikiri: gari. Mzee alilipenda gari lake, na lilikuwa limelala tangu mazishi. Nikilitengeneza likawa kama jipya, atatoka.

Alilipeleka gereji kwa fundi Mbelwa, pale Soni, karibu na daraja. Mbelwa hakusomea ufundi popote. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, na alipofungua alipanga kila nati juu ya gunia kwa utaratibu wake, ili ikirudi ijue kwake. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakifuta kwenye kitambaa cheupe. Mafuta yalikuwa meusi, yananukia kuungua. Ilionekana hayajawahi kubadilishwa tangu gari lilipovuka bahari.

Fundi alieleza kwamba ukifungua nati ya chini, hutoka sehemu tu. Mengine hubaki ndani ya giaboksi. Hozza akauliza kama hayo mengine nayo yanaweza kutolewa. Yanaweza, akasema fundi, ingawa yeye hajawahi kufanya hivyo kwa gari lililochoka kama hili. Basi yatoe yote, akasema Hozza. Na fundi, ambaye uchafu ulikuwa unamkera kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, hakubishana. Alichomoa bomba linalopitisha mafuta hayo kwenye rejeta, akawasha injini, ikawa inayasukuma ya zamani nje huku yeye anamimina mapya, mekundu kama juisi ya rosela, mpaka yaliyotoka yakafanana na yaliyoingia. Gari likaoshwa ndani na nje kwa sabuni. Harufu ya pea ikaondoka.

Siku ya gulio Hozza akamwomba baba yake washuke pamoja. Mzee akaenda kuvaa kanzu. Majirani tulioona tulishukuru. Kushuka kulikuwa kwepesi, na hata kusita kule hakukuwapo. Mzee aliyatazama mashamba ya watu, akasema kabichi za mwaka huu zimekubali. Hozza aliniambia baadaye kwamba alipoyasikia maneno hayo nusura asimamishe gari alie.

Wakati wa kurudi walifika kwenye mpando wa mikaratusi. Injini ikanguruma, lakini magurudumu hayakusikia. Hozza akakanyaga zaidi. Kelele ikaongezeka, gari likabaki palepale, kisha likaanza kurudi nyuma polepole. Akavuta breki ya mkono. Mikaratusi ilikuwa inadondosha maji ya ukungu juu ya bati, wakakaa wakiyasikiliza.

Mzee akafungua mlango, akashuka.

"Hozza," akasema, bila ukali. "Hata hili nalo umelimaliza."

Akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Jioni hiyo hakula, na kesho yake hakula.

Hozza aliliachia gari literemke hadi gereji. Mbelwa alilijaribu, akazima, akakaa juu ya tairi bovu akafikiri kwa muda mrefu. Hakutafuta wa kumlaumu. Alichosema ni kwamba sahani za ndani ya giaboksi, zinazoshikana ili magurudumu yazunguke, zilikwisha lika zamani, na unga wake ulikuwa umo ndani ya yale mafuta meusi.

"Mimi niliuona uchafu," akasema. "Kumbe uchafu ule ndio uliokuwa unazisaidia kushikana."

"Sasa tufanye nini?"

"Turudishe."

"Yako wapi?"

Mbelwa akakuna kichwa. Kama kawaida ya gereji, oili chafu alikuwa amempa mtu. Dumu lilikwenda kwa Mzee Kupaza, aliyekuwa anajenga banda la mbuzi na kuzipaka nguzo zake ili mchwa wasizile.

Wakapanda kwa Kupaza. Walimkuta na brashi mkononi, nguzo za upande mmoja zinang'aa nyeusi, za upande wa pili bado kavu. Walipomweleza walichokifuata aliwaangalia kama watu waliopotea.

"Mmenipa wenyewe," akasema. "Sasa mnataka nikwangue nguzo?"

"Hapana, mzee wetu. Tupe yaliyobaki tu."

"Yaliyobaki ni nusu dumu. Na mchwa nitawaambiaje? Wale upande wa kulia peke yake?"

Lakini akawapa. Mzee Kupaza alikuwa hivyo. Kwanza maneno, kisha kitu chenyewe. Mbelwa aliyachuja yale mafuta kwa kitambaa safi, akayarudia tena na tena mpaka kitambaa hakikushika mchanga. Akapunguza mapya kwenye giaboksi, akayamimina ya zamani mahali pake. Nusu kwa nusu, si kwa sababu alijua kipimo, ila kwa sababu nusu ndiyo iliyokuwapo. Rangi ikawa kama ya chai ya rangi iliyokolea.

Wakaenda mpandoni. Gari likafika kwenye mikaratusi, likasita kama linakumbuka jambo, kisha likapanda. Walipofika juu Hozza alilisimamisha, akaweka paji la uso juu ya usukani. Mbelwa alimwacha kwanza. Kisha, kwa ile sauti yake ya chini, akasema kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Basi tumejifunza. Ukimwaga ya kale, bakiza nusu yake."

Hozza akanyanyua kichwa. Alimshukuru fundi, akageuza gari, akamshusha gereji, akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake.

Bi Mwanjaa alikwisha gawa vingine. Vilivyobaki ni kigoda, mkeka mmoja, kikombe kimoja cha zamani na birika lisilo na kifuniko. Hozza akavichukua. Nyumbani alikirudisha kigoda karibu na meko, akatandika mkeka ndani, akachemsha chai ya tangawizi kwenye lile birika. Kuta aliziacha na weupe wake. Hakumwita baba yake. Alikaa ndani na kumimina.

Mzee alisikia, au alinusa, sijui. Akaingia. Alilitazama birika kwa muda.

"Lilikuwa wapi?"

"Kwa shangazi, baba."

"Na kitanda?"

Hozza akainamisha macho. "Kitanda kimekwenda Bumbuli. Wameshakilalia. Nisamehe, baba. Nikikitaka nitawaudhi, lakini ukisema nitakwenda."

Mzee akaketi mkekani, akapokea chai, akanywa. Akanywa tena.

"Kiache huko," akasema. "Miaka yote kilikuwa kinaniumiza mgongo. Alikipenda mama yako, nikaona haya kumwambia."

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Mzee Shekiondo alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na mtoto wake akalia naye. Majirani waliosikia walidhani ni msiba mwingine, wakaja mbio, wakawakuta wanakula viazi.

Hozza alirudi Tanga. Mbelwa hakuliacha gari lile. Kila mzee alipolileta, alifungua nati ya chini, akaacha yatoke yanayotoka, akajazia mapya kiasi hicho, akafunga. Taratibu weusi ukapungua, sahani zikazoea, mpaka siku moja kijiti kikatoka na mafuta mekundu matupu, na gari bado linapanda mpando wa mikaratusi. Hakuna aliyeweza kutaja siku yalipobadilika.

Mzee naye alikuwa hivyo. Alianza kunywea kikombe cha maua wakati wa mchana, cha zamani akikiweka cha asubuhi. Kiti cha plastiki alikilaumu, kisha akawa anakidai kwa wageni. Mkeka ulipochakaa aliutoa mwenyewe.

Kwa hiyo mke wa Kaoneka hakukatazwa meko mapya. Atayajenga, na mkwewe atayapikia. Shangazi yenu alimwomba tu kwamba, kwa sasa, akimwaga ya kale, abakize nusu yake.