Kisima cha Jina Moja

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana mashine zilikwisha kuingia na magoti yangu yalikwisha kuanza kuniuma, alikuwepo mchimba visima, Mzee Chilongani. Alichimba kwa sururu na koleo. Alipiga ardhi, akaitegea sikio, akapiga tena. Alichimba visima vitano, na vyote viliitwa kwa jina lake. Yakaja mabomba, visima vikafukiwa, jina likafukiwa navyo. Halafu mabomba nayo yakakauka.

Basi mzee akaanza kisima cha sita, mwili umechoka. Yeye akachimba, mkewe Perisi akavuta. Akachimba, akavuta. Miezi kumi na mmoja, ndoo kwa ndoo, kamba ikipita viganjani mwa yule mama. Siku moja sururu ikagonga mwamba, ncha ikavunjika. Mzee akakaa chini mle mle shimoni, akalia.

Ndipo akafika Tumpe, binti fundi, na mashine yake ya kutoboa ardhi. Akatoboa mara tatu, mara tatu akapata vumbi. Akamwendea mzee.

"Shikamoo babu. Wewe ungetoboa wapi?"

"Marahaba." Mzee akanyoosha kidole kwenye shimo lake.

Mashine ikanguruma nusu siku. Mwamba ukapasuka, maji yakapanda.

Sasa, desturi ya kule ni hii: maji ya kwanza hutiwa kibuyu kimoja, hunywa mtu mmoja, na kisima huitwa kwa jina lake. Hakuna kugawana. Mwenyekiti wa kijiji akateka, akauliza, "Nimpe nani?"

Mzee akasema, "Mimi niliisikiliza ardhi. Mashine haina sikio. Visima vyangu vitano vimekufa. Nikikikosa hiki, nitakuwa sikuishi."

Tumpe akasema, "Babu, nakuheshimu. Lakini sikio lako liliishia mwambani. Nisingekuja, mngebaki na shimo. Na mimi nimetoboa visima arobaini, kila mahali watu wanasema mashine imetoa maji. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naitwa nani."

Perisi akasogea mbele. Alifungua viganja vyake, vigumu kama kwato, akamwonyesha mumewe.

"Baba Yona, visima sita nimekuvutia udongo. Vile vitano ulikunywa wewe, nami nikapiga vigelegele. Leo nijibu mbele za watu: ule udongo ulitoka wenyewe?"

Mzee akainamisha kichwa. Mimi nilikuwepo, na kiu yangu kooni, nikanyamaza kama wengine. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Jamani, jambo hili nimelibeba miaka mingi, nimechoka nalo. Nisaidieni, tena fanyeni haraka, maana kile kibuyu kilikuwa na ufa, na maji yalikuwa yakidondoka miguuni mwa mwenyekiti. Je, nani alistahili kunywa?