Mlango Uliokwama Hauna Mkwe

"Mlango uliokwama hauna mkwe." Hayo ndiyo aliyoyasema bibi yenu pale jikoni, nanyi mkaangaliana, mkacheka, mkadhani uzee umemzidi. Mlango na mkwe wapi na wapi? Haya, wekeni hizo simu pembeni, sogeeni hapa, maharage yataiva yenyewe. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke anaitwa Subilaga. Aliolewa huku huku kwetu milimani, huku ambako mvua ikija Novemba inakaa mpaka Mei kama mgeni asiyejua kuaga. Mumewe alikuwa Ambonisye, kijana mchapakazi, ana pikapu yake kuukuu ya kupelekea ndizi mjini. Alivyoipenda ile pikapu! Watu walikuwa wanamtania Subilaga kwamba ana mke mwenza wa magurudumu manne. Naye anajibu, "Tena yeye ndiye mke mkubwa. Mimi naishi kwenye nyumba, yeye kajengewa gereji."

Na kweli alijengewa. Gereji ya matofali nyuma ya nyumba, sakafu ya udongo, kidirisha kimoja chenye nondo ambacho hata paka anapita kwa kubana pumzi, na mlango mmoja tu. Mlango huo sasa ndio nataka muuelewe. Ulikuwa bati zito la chuma, upana wa ukuta mzima. Haukufunguka kwa kwenda ndani wala nje. Ulikuwa na vigurudumu chini, vinatembea juu ya reli, ukiuvuta unakwenda upande, kuelekea migombani. Siku nzuri unateleza kama samli. Siku mbaya, ah, siku mbaya ndiyo hii ninayowaeleza.

Lakini kwanza niwaambie habari ya wakwe, maana nyie mmezaliwa juzi. Zamani kwetu, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Siyo ugomvi, hapana. Ni heshima. Hamtazami usoni, hamsemeshi, na njia anayopita mkwe yeye haipiti. Akiwa na neno anampa mumewe, mumewe ndiye analipeleka, na jibu linarudi vile vile. Mzee Mwangoka, baba yake Ambonisye, alikaa ng'ambo tu ya migomba. Miaka sita. Subilaga alikuwa anamjua kwa kikohozi. Mzee akikaribia anakohoa mara mbili, na hapo mwanamke anaacha kila kitu anajificha. Siku moja alikimbia na mwiko mkononi, akakaa nyuma ya banda mpaka ugali ukaungua. Jioni mzee akala ugali wa kuungua, asiseme kitu. Angemwambia nani?

Basi. Siku yenyewe ilikuwa ya gulio, watu wote wameteremka sokoni. Mzee Mwangoka alibaki kwake kwa sababu ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa. Ambonisye alikuwa gerejini, kainua pikapu kwa jeki, kafungua tairi la mbele, kalala chali chini ya pikapu anagongagonga huko. Subilaga kamletea chai, akabaki anampa spana. Mvua ikaja ya upepo, inaingia mpaka ndani.

"Mke wangu, funga mlango, naloa huku!"

Subilaga akausukuma kwa nguvu, kwa haraka. Mlango ukaenda mbio, ukajigonga mwisho, ukalia *kraa*. Ukakaa mshazari. Akajaribu kuurudisha, hautikisiki.

"Umetoka kwenye reli," akasema.

"Uache tu. Nikimaliza nitaurudisha."

Ambonisye hakuweka mawe chini ya gari. Nyie mtakaoendesha magari, nisikilizeni hapo: jeki peke yake siyo ya kuamini. Maji ya mvua yalikuwa yamepenya chini ya ukuta, udongo umelainika, na jeki ikaanza kuzama taratibu bila mtu kuona. Kisha ikalala. Pikapu ikashuka, ikamkalia Ambonisye kifuani.

Haikumuua palepale. Ilimwachia pumzi kidogo, kama mtu anayenywea kwenye mrija ulioziba. Subilaga akapiga yowe. Akashika bampa akavuta, wapi. Akachukua mtaimbo uliokuwa pale ukutani, akauchomeka chini ya gari, akaning'inia nao mzima mzima. Gari halikunyanyuka hata upana wa kidole. Akakimbilia kidirishani akapiga kelele, mvua kwenye bati inammeza sauti. Akarudi, akapiga kelele, akaenda tena. Na kichwani mwake lilikuwa neno moja tu: mlango nimeufunga mimi.

Ndipo akasikia, nje, mtu anakohoa. Mara mbili.

Sasa msicheke. Subilaga aliposikia kikohozi kile, alichuchumaa nyuma ya pikapu akajifunika khanga kichwani. Mumewe yuko chini ya chuma, na yeye anajificha! Hakuwa mjinga. Miguu ilijikunja yenyewe, miaka sita imefundishwa hivyo.

"Ambonisye!" Mzee Mwangoka aliita. "Nimesikia kelele. Kuna nini humo?"

Subilaga akatambaa mpaka sikioni kwa mumewe. "Mwambie gari limekuangukia."

"Baba," akasema Ambonisye. Akanyamaza, akaitafuta pumzi. "Gari... limeniangukia."

"Mungu wangu! Fungua mlango!"

"Mwambie umekwama," Subilaga akanong'ona.

"Ume... kwama."

Mzee hakungoja zaidi. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu lakini bega lake lilikuwa bega. Akarudi nyuma, akaja nalo, *bu!* Akarudi tena, *bu!* Na Subilaga akaona kwa macho yake kinachotokea chini: kila bega likija, kigurudumu kinazidi kujichimbia udongoni, na mlango unazidi kulala. Mzee alikuwa anasukuma kwenda ndani mlango unaokwenda upande.

"Mwambie asisukume! Mwambie avute kuelekea migombani, mimi nitainua kona kwa mtaimbo. Mwambie tufanye pamoja."

"Baba, usi..." Ambonisye akaanza. "Usi..."

*Bu!*

"Unasemaje, mwanangu? Sikusikii!"

"Mwambie, mume wangu. Jikaze umwambie."

Ambonisye akafungua mdomo. Halikutoka neno. Subilaga akamtazama uso, akaona midomo imekuwa rangi ya majivu, na hapo ndipo alipofahamu. Kila neno alilompa alipeleke, mwenzake alilipeleka kwa pumzi. Pumzi zenyewe zimebaki chache, na yeye anamtumatuma nazo, nenda rudi, nenda rudi, ili tu yeye asisikike.

Akasimama. Khanga ikaanguka, hakuiokota.

"Baba! Acha kusukuma!"

Bega likaacha kugonga. Mvua tu.

"Ni mimi, Subilaga. Ukisukuma unauharibu, baba. Mlango umetoka kwenye reli. Shika ule ukingo wake wa mwisho. Mimi nainua huku chini. Nikisema sasa, uvute uende migombani."

Mzee Mwangoka alikuwa amesimama kule nje na bega lake linauma. Sauti hiyo alikuwa hajawahi kuisikia ikimwita yeye. Miaka sita anakula chakula cha yule mwanamke, hajui sauti yake ikoje. Subilaga akawaza: basi, ameondoka. Nimemtukana, ameondoka.

"Nimekusikia, mwanangu," sauti ikasema. "Nimeshika. Sema."

Subilaga akachomeka mtaimbo chini ya kona, akaukalia. "Sasa!"

Mlango ukalia, ukasogea kidogo, ukarudi.

"Nguvu, baba!"

"Nguvu ndizo hizi, mwanangu, nyingine wamezimaliza ng'ombe!"

"Tena. Sasa!"

Mara ya tatu kigurudumu kikapanda reli. Kikakaa. Mlango ukaenda wote, kwa kishindo, na hapo wakwe wawili wakawa wamesimama uso kwa uso. Subilaga alikuwa akimwazia kuwa mtu mrefu, wa kutisha. Kumbe mfupi, amelowa, na masikio yake ni yale yale ya Ambonisye, yamesimama kama ya sungura. Wakatazamana kiasi cha kupepesa jicho. Hapakuwa na nafasi ya zaidi.

"Lete gogo, baba! Lile refu la mkaratusi!"

Mzee akaja nalo mbio, likaingizwa chini ya gari juu ya jiwe, akaliegemea kwa uzito wake wote mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Pikapu ikanyanyuka, kidogo, kidogo tu. Subilaga alikuwa ameshika makwapa ya mumewe. Akavuta. Wakaanguka wote wawili chali kwenye matope, na Ambonisye akavuta pumzi moja kubwa yenye sauti, kama mtoto anayezaliwa. Mzee akaliachia gogo, akakaa chini, akalia. Mbele ya mkwe wake. Hakujificha.

Mbavu tatu zilivunjika. Watu waliorudi kutoka sokoni wakambeba mpaka hospitali, akakaa wiki tatu, akapona. Lakini maneno hayakulala hospitali, maneno yalibaki kijijini.

Mzee Mwangoka alikuwa na dada yake, Shangazi Sekela, mlinzi wa mila zote za ukoo, hata zile zilizokwisha kusahauliwa. Akaja na wazee wawili. Wakakaa na Mzee sebuleni kwa Ambonisye. Subilaga alikuwa jikoni, ukuta wa mabanzi tu katikati, anasikia kila kitu. Sufuria iko mkononi, hajui aiweke wapi.

"Kaka," akaanza Shangazi, "tunashukuru kijana amepona. Lakini huyu mwanamke kakutazama usoni. Kakuita kwa sauti. Kakuamuru! Vuta, acha, lete gogo! Wewe ni kibarua wake? Arudi kwao kwanza, mpaka ndugu zake waje walisafishe jambo hili."

Subilaga akafikiri: nimempata mume, nimepoteza nyumba.

Mzee Mwangoka hakupandisha sauti. "Dada, nikuulize. Siku ile ungekuwa wewe nyuma ya ule mlango, ungefanyaje?"

"Ningenyamaza. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Vizuri. Ungenyamaza. Na mimi ningeendelea kusukuma kwa bega langu hili la kijinga. Leo tungekuwa tumekaa hapa hapa, tunamlilia Ambonisye, na mkwe wangu ana adabu nzuri sana."

Wazee wawili wakaangalia chini. Mmoja akakohoa kicheko.

"Usinigeuzie maneno, kaka. Heshima je?"

"Heshima nimeipata mimi. Mtu kanihesabu kuwa ninaweza kumwokoa mwanangu, akaniambia namna ya kumwokoa. Kuna heshima gani zaidi? Mimi ndiye niliyepoteza muda nikikohoa nje kama mbuzi." Akageukia ukuta wa jikoni, akaongeza sauti kidogo ili neno lifike. "Mila zetu nazipenda, nitazishika mpaka nife. Lakini mlango uliokwama hauna mkwe. Na mwanangu haendi popote."

Huko jikoni sufuria ikaanguka. Shangazi Sekela akashtuka, kisha, mimi nilivyoambiwa, akajikaza asicheke, ikamshinda.

Na mnajua nani aliyeisambaza methali hii? Yeye. Shangazi Sekela huyo huyo! Gulio lililofuata alikuwa anaisema kila kibanda, na anaisema kama kwamba ni ya kwake.

Basi wajukuu zangu, bibi yenu alipowasikia mnabishana nani ampigie simu baba yenu mkubwa kumwambia mtoto wake anaumwa, huyu anasema mimi mdogo, yule anasema mimi tulikwaruzana naye mwaka jana, ndiyo maana alisema vile. Heshima ni nzuri, na aibu ina kazi yake. Lakini kuna mtu amelala chini ya kitu kizito, anahesabu pumzi, na nyie mnatafuta wa kumtuma. Msitafute. Simama wewe, useme.

Mlango uliokwama hauna mkwe. Haya, nani anampigia?