Mkanda wa Jalalani

Uvumi ulitokea Houston, Marekani, na Mwatime alishindwa kuutoa kichwani. Ilisemekana kuna Mkenya aliyeangukiwa na injini ya gari gerejini mwake, akiinyanyua kwa winchi ya kujitengenezea. Jina lake hakuna aliyelijua. Wengine walisema ni uongo wa kwenye simu tu. Lakini tangu siku hiyo chakula kilimshuka Mwatime kama mchanga, kwani mwanawe wa pekee, Azizi, dereva wa trela, alikuwa na winchi ya namna hiyohiyo nyumbani kwao Arlington.

Azizi alitaka kuitoa injini ya pikapu kuukuu ampelekee mjomba wake Ubeid kule Ukunda, Kenya. Alichomelea mabomba matatu ya chuma, akayasimamisha kama miguu ya kigoda, na juu akatundika mnyororo. Mwatime alimsihi akodi winchi ya dukani. Kijana akamjibu kwa Kiingereza chake cha huku kwamba ya dukani haiishindi yake kwa lolote.

"Na wewe, Mama, uoga umekuzidi kama kunguru."

"Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, mwanangu."

Azizi akaudandia mnyororo, akabembea kama tumbili, hata mama mtu akacheka bila kutaka. Hata hivyo Mwatime alikagua kila bomba, akapitisha vidole kwenye kila pete ya mnyororo. Kitu kimoja tu hakukikagua: mkanda wa kufungia injini. Mkanda ule aliuleta yeye mwenyewe.

Mwatime alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, Mansfield. Huko wasiojiweza hunyanyuliwa kitandani kwa mashine na mkanda mpana. Siku moja msimamizi wake, Wilfred, aliona mkanda mmoja umefumuka uzi, mahali padogo kuliko ukucha, akautupa jalalani. Roho ikamuuma Mwatime. Watu wa huku hutupa vitu vizima, akajisemea. Kwetu huu ungefunga mizigo miaka kumi. Akauokota, akaufua, akauanika.

Jumamosi alasiri injini ikapanda, ikiyumba polepole. Mwatime alisimama mlangoni na birika la chai. Azizi akainama chini ya injini avute waya ulionasa.

"Toka hapo chini, baba."

"Sekunde moja, Mama."

Hakukuwa na kishindo kwanza. Ulisikika mchaniko mwembamba, kama doti ya kanga inapopasuliwa katikati. Kisha injini ikamshukia kifuani. Ambulensi ilipofika, Azizi alikuwa amekwisha kukata roho. Mabomba yalisimama wima. Mnyororo ulining'inia mzima. Vyote alivyovihofia mama yake vilikuwa salama.

Baada ya arubaini, Mwatime alikwenda Houston kwenye hitima ya jamaa yake. Jikoni, mwanamke asiyemjua alikuwa akimenya vitunguu huku akiwasimulia wenzake: ati kuna kijana Arlington ameuawa na injini, na mkanda uliokatika mama yake aliuokota jalalani. Lakini huenda ni uongo, akamalizia, watu wanapenda kutunga.

"Si uongo, dada," Mwatime akasema. "Mama huyo ni mimi."

Hakulia, machozi yalikwisha kumwishia. Akawaambia waende wakawaambie waume zao na wana wao:

Usinyanyue kitu kizito kwa winchi ya kujitengenezea. Kodi iliyoundwa kwa kazi hiyo.

Usifungie injini mkanda wa kunyanyulia mtu.

Usiokote kamba wala mkanda uliotupwa. Aliyeutupa ameona jambo.

Usikague mnyororo ukaacha mkanda wa kufungia.

Usiingie chini ya mzigo unaoning'inia, hata kwa sekunde moja.

Kisha mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, kama winchi yenyewe haikuwa na nguvu.

"Ilikuwa nayo," Mwatime akajibu. "Lakini kamba hukatikia pembamba."