Sindano Iliyoachwa Imezama

Wapendwa, leo sikuleta mkulima. Nimewaletea wakulima Jumapili nyingi mno, mpaka wakulima wa usharika huu wamenifuata ofisini kuniuliza wamenikosea nini. Leo nimeleta mama mmoja na cherehani yake. Kina baba, msianze kuangalia saa, mfano huu unawahusu.

Palikuwa na mama mmoja mwenye watoto watatu, na mume aliyefanya kazi mbali, anayeonekana nyumbani mwisho wa mwezi. Ndani ya nyumba alikuwa na mama mkwe aliyevunjika nyonga, hawezi hata kujigeuza kitandani bila kusaidiwa. Juu ya hayo yote, mama huyu alikuwa amejiandikisha mafunzo ya mhudumu wa afya ya jamii. Kila alasiri, Jumatatu hadi Alhamisi, alikwenda zahanati kusoma. Mtihani ulipangwa Jumatatu moja. Sasa sikilizeni vizuri. Jumapili ile, siku moja kabla ya mtihani, ndiyo siku binti yake mkubwa alitakiwa kupata kipaimara.

Binti huyo alikuwa ameahirishwa mwaka uliotangulia kwa sababu ya ugonjwa, na katika mwaka huo akarefuka. Mnawajua wasichana wa umri ule. Kila gauni jeupe la kuazima lilimfika juu ya magoti. Akaanza kusema hataki kipaimara, si mwaka huu wala mwakani. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anaosha vyombo, na ndiyo maana mama yake aliogopa.

Bibi akaita kutoka kitandani. "Fungua sanduku langu. Chini kabisa."

Chini kabisa palikuwa na satini nyeupe, imekunjwa ndani ya gazeti kuukuu. Mnajua bibi zetu huweka nini chini ya sanduku. Ilikuwa nguo yake ya kuzikiwa.

"Mama, hii siwezi kuikata."

"Ikate. Mimi hata mkiniviringisha kanga nitafika. Mtoto hawezi kwenda mbele ya altare na kanga."

Basi kitambaa kikapatikana, hicho hicho kimoja, hakuna kingine cha akiba. Na muda je? Niambieni, muda ulikuwa wapi? Asubuhi kuna uji na watoto wa shule, kuna kumgeuza bibi na kumwosha, kuna soko, kuna maharage jikoni, kisha zahanati, kisha chakula cha jioni. Naona mnasubiri niseme alishona usiku kucha. Hapana, usiku alilala, na hilo nalo ni jambo la hekima. Alikuwa na wiki sita, na ndani ya kila siku akaokota vipande. Maharage yakichemka, ni robo saa. Uji ukipoa, ni dakika kumi. Bibi akisinzia, hapo Mungu ndiye anajua atapewa ngapi.

Cherehani yake ya kukanyaga aliiweka karibu na kitanda cha bibi, mahali ambapo sufuria aliweza kuiona kupitia mlangoni. Ukutani akabandika kurasa za masomo, dalili za hatari kwa mjamzito, zote kwa mstari. Daftari lake la masomo alimpa bibi amsomee. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, darasa la watu wazima, kwa hiyo alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, na mkwewe akakanyaga taratibu kumfuata.

Wakati mwingine mama alisema, "Mama, umeruka mstari."

Bibi akajibu, "Sikuruka. Huo niliusoma jana, wewe ndiye umeusahau."

Siku ya tatu akaharibu. Mtoto mdogo alilia uani, mama akainuka mbio, sindano ikabaki juu. Aliporudi satini ilikuwa imeteleza kidogo, maana satini ni nguo isiyokaa mahali pake, naye akaendelea bila kutazama. Mshono ukapinda kama njia ya mbuzi. Ikabidi afumue. Na satini ukiifumua inakuachia matundu, ukirudia tena imekwisha. Akaketi pale, nguo ya kuzikiwa ya mkwewe mapajani, akalia.

Bibi alikuwa fundi wa sare za shule enzi zake. Akamwacha alie kidogo, kisha akamwambia, "Mwanangu, kosa lako si kuitwa. Ukiitwa, nenda. Ila kabla hujainuka, zungusha gurudumu kwa mkono, uizamishe sindano ndani ya kitambaa, uiache humo. Itakushikia mahali pako."

Basi, somo lote ni hilo. Kuanzia siku hiyo, bibi akiita "nigeuze", gurudumu linazungushwa, sindano inazama, mama anakwenda. Maharage yakifurika, sindano inazama. Saa ya zahanati ikifika, sindano inazama, anajitanda kitenge, anatoka. Akirudi anaketi na kuendelea kutoka tundu lile lile. Mimi namsifu mama huyu mbele yenu bila haya. Sijui kama katika wiki hizo sita alipata nusu saa kamili isiyokatwa.

Sasa, ng'ambo ya ua alikaa jirani yake. Mwanamke mwema, msimcheke. Naye binti yake alikuwa anapata kipaimara Jumapili hiyo hiyo, na kitambaa cheupe alikuwa nacho. Cherehani yake ilikuwa ya umeme, ameletewa na kaka yake. Aliifunika kwa kitambaa kizuri cha kufuma, na juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua ya plastiki. Nadhani wengine hapa mnaiona sebule hiyo.

Alikuwa akija kumtazama mwenzake anashona, anaona anavyoinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, anatikisa kichwa. "Mwenzangu, mimi siwezi kazi ya vipande vipande. Mimi nasubiri siku moja nzima, nitulie, nishone mpaka mwisho."

"Ikija siku hiyo niitie na mimi," mama akajibu. "Sijawahi kuiona."

Siku nzima ilikuja. Ilikuja Jumamosi, mkesha wa kipaimara. Jirani akaamka mapema, akawapeleka watoto wadogo kwa shangazi yao, akaondoa maua, akaondoa kitambaa cha kufuma, akakata, akaketi. Akashona mshono wa kifua, mrefu, bila kuitwa na mtu. Alipoinua gauni kulitazama, kila tundu la sindano lilikuwa na doa la kahawia. Sindano ilikaa miezi bila kazi, ikashika kutu, na kutu yote ikaingia kwenye nguo nyeupe ya mtoto.

Niambieni, alikwenda kwa nani? Mtaa ule ulikuwa na watu wengi wenye nafasi. Alipita milango yao yote, akaenda kubisha kwa mwanamke asiyekuwa na nafasi.

Akamkuta anapiga pasi gauni lililokwisha. Alilichukua lile gauni, akaligeuza ndani nje kama wanavyofanya washonaji, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni toka kwapani hadi pindo. Akarudia.

"Sioni uliposimama," akasema.

"Nilisimama kila mahali."

Hapo jirani akalia, akatoa gauni lake lenye kutu. "Najua keshokutwa una mtihani. Sina haki ya kukuomba."

Yule mama akalitazama lile doa. Wapendwa, hapa angesema nini? Angesema, "Mwenzangu, siku nzima si ulikuwa nayo?" Wengi wetu tungelisema hilo, tena kwa utamu. Yeye alisema, "Lete. Doa tutalipitishia utepe. Wewe chukua hilo daftari, keti hapo kwa bibi, unisomee."

Na hivyo ndivyo alivyojiandaa kwa mtihani wake, akimshonea mtoto wa mwenzake. Bibi aligeuzwa mara mbili katikati. Maharage yaliungua kidogo. Jumapili wasichana wawili walisimama mbele ya altare wamevaa meupe, mmoja na utepe kifuani, na mrefu kuliko wote alikuwa amevaa nguo ya kuzikiwa ya bibi yake, imemfika miguuni. Jumatatu mama akafanya mtihani. Mnataka kujua? Alifaulu. Hakuwa wa kwanza, alifaulu tu, na dalili za hatari hakukosa hata moja.

Basi, sisi. Sisi tunadhani Mungu anatudai siku nzima. Tunasema nikistaafu nitasoma Neno. Watoto wakikua nitapatana na ndugu yangu. Nikitulia nitamaliza masomo yangu. Tunakifunika kile kitu kwa kitambaa kizuri, tunaweka maua juu, na kwa sababu kinapendeza tunadhani kiko salama. Kumbe chini ya kitambaa sindano inakula kutu. Siku nzima ikija, ndipo tunagundua kwamba mkono umesahau na moyo umeshika doa.

Na sisi wengine tunaona aibu kwa sababu maisha yetu ni ya kuinuka na kukaa. Wewe mama unayesali huku unakoroga uji, usione aibu. Wewe baba unayejifunza kusoma mstari mmoja mmoja dukani, wateja wakiingia na kutoka, endelea. Bwana atakapoligeuza vazi lako ndani nje na kupitisha kidole chake kwenye mshono, hataona ulipoitwa, ataona mshono mmoja.

Nami niungame, maana sitaki mdhani namsema jirani. Kuna mzee wa usharika huu, amelala nyumbani kwake, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka ofisini kwangu. Tangu Kwaresma nilimwahidi kwamba nitakwenda kukaa naye siku nzima. Siku nzima haijapatikana. Dakika kumi na tano nilikuwa nazo kila siku.

Mwalimu wa kwaya ataanzisha wimbo wa mwisho. Leo msinisubiri mlangoni kushikana mikono. Mimi nakwenda kwa mzee.