Funda la Kwanza la Akko Kabale

Tulieni kwanza, na mtu asinyooshe mkono kabla sijamaliza, maana mikono iliyonyooshwa ovyo ndiyo iliyoleta kesi hii.

Walikuwepo wanafunzi watatu wa chuo kimoja, kila mmoja na kipaji chake. Kilonzo alikuwa na mikono: gari lililokata roho lilimsikia. Mbeyu alikuwa na kalamu: ofisi iliyofungwa ilimfungukia. Tumme alikuwa na jangwa zima kichwani, kwa sababu alizaliwa kaskazini, kwenye chemchemi iliyozungukwa na miti ya mikoma na matuta ya mchanga. Nyanya yake, Akko Kabale, bado anaishi hapo. Kwao, akko ni nyanya.

Klabu yetu ya mjadala ikaamua kwenda kuyaona matuta hayo. Tulikuwa sita: hao watatu, na sisi watatu wengine ambao mchango wetu ulikuwa kununua miwani ya jua.

Kilonzo akaingia chini ya pikapu kuukuu ya mjomba wake Jumamosi tano mfululizo, akatoka na grisi hadi kwenye kope. "Sasa hata ukiitukana, inawaka," akasema.

Mbeyu akaandika barua kumi na moja, hadi mkuu wa chuo na ofisi ya kaunti wakapiga mihuri. "Karani ananijua kwa hatua," akasema. "Akinisikia kwenye ngazi anautafuta mhuri mwenyewe."

Tumme akampigia nyanya yake simu, kwa kuwa hakuna mgeni anayepiga hema pale bila mwenyeji. Kisha akatoa sharti moja tu. "Jerikani kumi za maji. Msipunguze hata moja."

Kilonzo akapima nafasi nyuma ya pikapu, akajikuna kisogo. "Jerikani kumi zikiingia, mtu mmoja anashuka."

Kisha Kilonzo akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Tumme, dadangu, wewe matuta umeyaona tangu utotoni. Si utuachie sisi wageni?"

"Mchanga nimeuona," Tumme akajibu. "Akko sijamwona miaka minne."

"Basi tupige kura," akasema Mbeyu. "Tusigombane."

Mikono mitano ikapanda. Wangu ulikuwa wa nne. Mbeyu akachukua kalamu yake ile nzuri, akalikata jina la Tumme kwenye kibali. Mnajiuliza kwa nini hakubaki mmoja wetu wenye miwani? Swali zuri sana. Siku ile, katika klabu nzima ya watu wanaojisifu kwa maswali, hakuna aliyeliuliza.

Tumme hakununa. Alichora ramani kwenye kifuniko cha katoni ya biskuti, akamkabidhi Kilonzo. "Mkifika kwenye mawe matatu meusi, msifuate alama za magurudumu, zinaishia kwenye tope la chumvi. Fuateni njia ya ngamia."

Tukaondoka.

Kwenye kizuizi cha mwisho, askari alikuwa ameyarudisha magari mawili. Mbeyu akatoa barua. Askari akaisoma mara mbili, akainua mti. Bila barua ile, safari ingeishia hapo.

Saa sita mchana rejeta inayopoza injini ikatoboka, maji yake yote yakamwagika mchangani. Kilonzo akaziba tundu kwa sabuni na kipande cha mpira, vidole vikiungua. Bila mikono ile, safari ingeishia hapo.

Lakini rejeta iliyozibwa ilikuwa tupu, na bado ilivuja. Ilimeza jerikani tatu, njiani ikadai mbili zaidi, nasi kwa siku mbili za njia tulikuwa tumeshamaliza nne kwa kunywa, kupika na kunawa. Tukafika kwenye mawe meusi tumebaki na moja, tukafuata njia ya ngamia. Bila sharti la Tumme na kifuniko cha biskuti, safari ingeishia hapo, na sisi pia.

Alasiri tukaiona mikoma. Akko Kabale alikuwa amesimama mlangoni, mkononi kibuyu cha maziwa ya ngamia, povu bado limesimama.

"Karibuni, watoto wangu. Katika nyumba hii, funda la kwanza hunywa aliyewaleta wageni. Asipokunywa, hema halipigwi." Akatuhesabu kwa macho, akarudia kutuhesabu, akachungulia ndani ya pikapu. "Tumme wangu anashusha mizigo?"

Mimi niliyeshinda mijadala mitatu mwaka huo nilikuwa nikifunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Mbeyu ndiye aliyesema yote: jerikani, kura, jina lililokatwa. Kilonzo akaongeza, "Mimi ndiye niliyemwambia abaki, Akko."

Upepo ukaanza kuokota mchanga kutoka kwenye matuta.

"Maziwa haya hayarudi ndani," Akko Kabale akasema. "Mmoja wenu atakunywa. Na atakayekunywa ndiye atakayempelekea Tumme kibuyu kitupu, amwambie machoni: nimekunywa mimi."

"Kilonzo, kunywa wewe," Mbeyu akanong'ona. "Gari ni lako."

"Na kizuizi ningekipitaje? Kunywa wewe mwenye barua."

"Kalamu ya barua hizo ndiyo iliyomkata jina!"

Akko Kabale akanisogezea mimi kibuyu. "Na huyu mwenye miwani, je? Alikalia kiti cha nani?"

Basi hoja ndiyo hiyo mbele yenu. Kilonzo alitufikisha, na ndiye aliyesema Tumme abaki. Mbeyu alitufikisha, na ndiye aliyemkata jina. Mimi mwenye miwani sikumfikisha mtu popote, ila kiti nilichokalia ni cha Tumme, aliyetufikisha bila kutoka chuoni. Povu linashuka. Kibuyu nimekishika kwa mikono miwili.

Wewe ungempa nani? Jibu, lakini jibu kana kwamba Tumme ameketi hapo nyuma, anasikiliza.