Gungwi Aliyekosa Mkia wa Kuangusha

—Paukwa!

—Pakawa!

—Ulimi wangu una safari!

—Masikio yetu yana nafasi!

—Wa nyuma mnasikia?

—Tunasikia!

—Waongo. Wa nyuma mnachoma mahindi, nasikia yanavyopasuka. Leteni hindi moja huku mbele, kisha tuanze.

Hapo kale, kale sana, miti ilipokuwa bado inabishana nani awe mrefu, palikuwa na msitu mzito uitwao Mbwengo. Ndani ya msitu huo aliishi mnyama aitwaye gungwi.

Hammjui? Nitawaambia. Gungwi ni jamaa wa mjusi. Si kenge, maana kenge ni mkubwa na hana haya. Si kinyonga, maana kinyonga ana subira. Gungwi ana urefu wa kutoka hapa kwenye ncha ya kidole changu mpaka hapa kwenye kiwiko. Mgongo wake una rangi ya majani makavu, tumbo lake lina rangi ya ndizi mbivu, na macho yake hayana kope, kwa hiyo huyasafisha kwa kuyalamba. Ukimwona gungwi anajilamba jicho usimcheke. Wewe huwezi.

Lakini fahari ya gungwi ni mkia. Mkia wake ni mnene kama muhogo, umejaa mafuta, na hayo ndiyo chakula chake cha siku za njaa. Tena gungwi akishtuka, mkia hukatika wenyewe, pwa! Ukianguka chini huanza kuruka na kuzunguka kama mtu aliyeingia ngomani bila kualikwa. Adui hubaki ameduwaa, anatazama ngoma. Na mkia ukishaanguka, ndipo miguu hupata amri ya kukimbia. Mkia kwanza, miguu baadaye. Ndivyo alivyoumbwa, na mwaka ukipita mkia huota tena.

Na kwa magungwi, mke hutaga, mume hulinda. Mke akishataga huwa na njaa ya kuweza kula gome la mti, kwa hiyo huenda mbali kutafuta chakula mwezi mzima. Mume hulala mlangoni mwa gogo bovu lenye mayai, hali chochote, anaishi kwa mafuta ya mkia wake tu.

Sasa, palikuwa na gungwi mmoja, Sengasu, na mkewe Mbonea. Sengasu alikuwa mume mwema, mwenye maneno matamu. Ila alikuwa mwoga. Mwoga, mwoga, mwoga!

Mwaka wa kwanza Mbonea alitaga. Sengasu akalinda. Hondohondo akapiga mbawa juu ya mti. Pwa! Mkia chini, Sengasu mbio. Aliporudi, mayai yameliwa.

Mwaka wa pili Mbonea alitaga. Sengasu akalinda. Chura akateleza kwenye jani. Pwa! Mkia chini, Sengasu mbio. Aliporudi, mayai yameliwa.

Mwaka wa tatu Mbonea alitaga mayai matatu, meupe, laini, yamelala ndani ya gogo kwenye joto la mti uliooza. Akatoka, akasimama mbele ya mumewe.

"Mume wangu, mara ya kwanza nilinyamaza."

"Ulinyamaza, mke wangu."

"Mara ya pili nililia."

"Ulilia, nami nililia."

"Wewe ulilia mkia wako! Safari hii yakipotea, sitanyamaza wala sitalia. Nitavuka kijito, nirudi kwa mama."

Nusura mkia wa Sengasu ukatike palepale kwa kusikia tu habari za mama mkwe.

"Nitakaa, mke wangu," akasema. "Nife hapa, nitakaa."

"Sikuambii ufe. Nakuambia ukae. Ukiingiwa na hofu, imba hivi." Na Mbonea akamfundisha wimbo. Nanyi itikieni:

Kaa, Sengasu!
—Kaa!
Yai halina mguu!
—Kaa!
Akija mkubwa!
—Kaa!
Akija mdogo!
—Kaa!

Mbonea akaenda zake. Sengasu akalala mlangoni mwa gogo.

Siku ya kwanza upepo ulivuma, miti ikalia ng'wee. Sengasu akaimba, akakaa.

Siku ya pili ngedere walipita juu wakitukanana, ukoo mzima. Sengasu akaimba, akakaa.

Siku ya tatu hapakuwa na upepo wala ngedere. Sengasu akafurahi. Akaanza kujisifu peke yake. "Kumbe mimi ni dume! Kumbe mimi ni simba mwenye magamba! Kumbe mimi..."

Likaanguka tunda la mkuyu. Tunda lenyewe si kubwa kuliko kidole gumba hiki. Likaanguka kando yake, tap.

Pwa! Mkia chini, Sengasu mbio!

Alikimbia, alikimbia, alikimbia, mpaka maji ya kijito yakamgusa pua. Ndipo akakumbuka. Ng'ambo ya kijito ndiko kwa mama mkwe. Akageuka, akarudi mbio kuliko alivyokwenda. Akachungulia ndani ya gogo. Moja. Mbili. Tatu. Mayai yapo.

Mkia nao ulikuwepo, bado unacheza.

Jirani yake, Bibi Konokono, alikuwa amekaa juu ya uyoga akitazama yote tangu mwanzo.

"Jirani," akasema polepole, "tunda limekushinda."

"Lilikuja kwa kasi, bibi."

"Lilikuja kwa kuanguka. Matunda ndivyo yalivyo."

Sengasu akauchukua mkia wake, akajaribu kuurudisha. Akaubandika kwa utomvu wa mti, ukaanguka. Akaubandika kwa matope, ukaanguka. Akaukalia, akaomba dua, akainuka. Mkia ukabaki chini. Kisha wakaja siafu, mstari mrefu, wakaubeba wote mzima huku Sengasu akiwatazama. Chakula cha mwezi mzima kikaondoka mbele ya macho yake, kinayumba juu ya migongo ya siafu, mpaka kikapotea kwenye nyasi.

Angeweza kwenda kutafuta panzi. Lakini nani angebaki na mayai? Akakaa na njaa yake. Asubuhi alilamba umande. Mchana alilamba jicho. Jioni alimtazama Bibi Konokono.

"Jirani, usinitazame hivyo."

"Sikutazami, bibi. Nalamba jicho."

"Unalamba midomo."

Sengasu akaona haya, akageukia upande wa pili. Akakonda, mbavu zikahesabika. Lakini kila akitaka kuondoka, alichungulia ndani ya gogo, akaona yale matatu, akarudi kulala mlangoni.

Sasa sikilizeni. Siku moja, jua limepanda, majani yote kimya, akaja Nguchiro.

Hakuja kwa kunyatia. Alikuja kama mtu anayekwenda kwenye mgahawa anaoujua, anapangusa masharubu.

"Sengasu, hujambo? Nimerudi. Ya mwaka juzi yalikuwa matamu. Ya mwaka jana yalikuwa matamu zaidi. Haya, kimbia, tusipoteze muda."

Moyo wa Sengasu ukafanya du! Kumbe ni huyu. Kumbe miaka yote miwili ni huyu! Hasira ikamjia, lakini hofu ilikuwa imeshafika kabla yake, imekaa kwenye kiti.

Mwili ukaagiza: mkia, anguka! Kigutu kikatikisika, tik, tik, tik. Hakuna cha kuanguka. Miguu ikasubiri amri. Amri haikuja, maana amri ya miguu hutoka kwenye mkia, na mkia hakuna. Sengasu akabaki amesimama kama kisiki.

"Kimbia!" akasema Nguchiro.

"Siwezi."

"Nimesema kimbia!"

"Nami nimesema siwezi."

Nguchiro akarudi nyuma hatua moja. Tangu azaliwe hajamwona gungwi asiyekimbia.

"Mkia wako uko wapi?"

"Umechukuliwa."

"Na nani?"

"Na wengi."

"Wako wapi hao wengi?"

"Walipita hapohapo uliposimama."

Nguchiro akainua mguu mmoja, akatazama chini yake. Akainua wa pili, akatazama. Nyie, yote aliyoambiwa yalikuwa kweli tupu! Sengasu hakuwa na akili ya kutunga uongo siku ile. Hofu ilikuwa imemaliza maneno yote, ikamwachia ya kweli tu.

Lakini njaa ya Nguchiro nayo haikuwa ndogo. "Ah!" akasema. "Mjusi huyu anipotezee chakula changu?" Akainama, akapitisha pua pembeni ya Sengasu, akaiingiza kwenye gogo.

Sengasu akaangalia ndani. Yai la katikati lilikuwa linatikisika. Ganda limevimba mahali pamoja, kitu kidogo kinasukuma kwa ndani, kinasukuma, kinapumzika, kinasukuma tena. Ulikuwa mguu. Wa mtoto wake.

"Usimguse!" alitaka kusema. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Akavuta ya tatu. Maneno hayakutoka, na zile pumzi zikakosa pa kwenda.

Kumbe gungwi ana ngozi iliyolegea chini ya kidevu. Wazee wao walidhani ni pambo. Hakuna aliyejua kazi yake, kwa sababu tangu msitu uote hakuna gungwi aliyewahi kukaa mbele ya adui akavuta pumzi tatu. Ya kwanza tu, wameshafika kijitoni! Basi ngozi ile ikajaa upepo. Ikawa kama yai. Ikawa kama kibuyu. Ikawa kama ngoma, nyekundu kama pilipili, kubwa kuliko Sengasu mwenyewe. Na upepo ulipotafuta njia ya kutokea, ukatoka:

GUNGWIIIIIII!

Ndege wakaruka msitu mzima. Matunda ya mkuyu yakamwagika kama mvua. Nguchiro akaruka juu, akaangukia mgongo, akainuka, akajigonga kwenye mti, akashika njia.

"Anapasuka!" alikuwa analia huko anakokwenda. "Jamani, mjusi anapasuka!"

Mpaka leo Nguchiro akisikia sauti ile haulizi, anahama.

Sengasu akageuka kulia, akageuka kushoto. "Bibi! Nani huyo aliyepiga kelele?"

Sauti ya Bibi Konokono ikatoka ndani kabisa ya gamba. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Na usirudie, mimi mtu mzima."

Siku zikapita. Mwezi ukaisha, Mbonea akarudi, amenenepa, mkia wake umejaa. Kwa mbali akamwona mumewe amelala mlangoni, mifupa mitupu. Akatazama nyuma yake. Hana mkia.

Mbonea akasogea mbele yake.

"Ulikimbia," akasema.

"Nilikimbia," akasema Sengasu kwa sauti ndogo. "Mara moja. Lilikuwa tunda."

Mbonea hakungoja mengine. Akaingia ndani ya gogo. Akakuta maganda. Moja limepasuka, la pili limepasuka, la tatu limepasuka. Matupu. Akasimama pale kwenye giza la gogo. Akatoka nje, afungue mdomo amtangazie mumewe kwamba anavuka kijito.

"Mke wangu," akanong'ona Sengasu, shingo imekakamaa, "nakuomba usipige kelele. Ndiyo kwanza wamelala."

Mbonea akatazama vizuri. Juu ya ule mgongo mkavu, katikati ya mbavu zilizotokeza, walikuwa watatu, kila mmoja kama kidole, wameng'ang'ania ngozi ya baba yao. Mmoja alikuwa anaota. Mguu wake ulisukuma, ukapumzika, ukasukuma tena.

"Tangu lini?" akauliza Mbonea.

"Siku tatu."

"Na wewe hujageuka siku tatu?"

"Wangeanguka."

Mbonea akatambaa polepole, akalala kando ya mumewe, ubavu kwa ubavu. Kisha akatema panzi mnene aliyekuwa amemhifadhi shavuni, akamsukumia Sengasu mdomoni kwa pua yake.

Basi mnaona, wanangu. Usitupe ulicho nacho kwa kila kishindo unachokisikia. Na kama umeshatupa, usiseme mambo yamekwisha. Rudi ukae na kilichobaki, huenda una kitu chini ya kidevu ambacho hata wewe hukijui. Usijipapase sasa hivi, Mwanahija, nimesema huenda.

Mnaniuliza nimeyajuaje? Siku ile nilikuwa nakata ukindu palepale Mbwengo. Niliposikia sauti ile nilikimbia mpaka nyumbani, panga nikaliacha msituni. Mke wangu akiniuliza panga liko wapi, namwambia limeazimwa.

Ngano imefika kwake, nami niende kwangu. Nani ana hindi lililobaki?